Saa nane usiku na feni za kompyuta: nimetafuta ukimya kwenye joto la Dar

Habari za muda huu, ndugu watazamaji, karibuni sana. Kabla sijasema lolote naomba msikilize sekunde kumi hizi. Kama una visikilizio, vaa.

Hiyo ilikuwa kompyuta yangu ya mezani mwezi uliopita, na ilikuwa haifanyi kazi yoyote nzito. Ukurasa mmoja wa intaneti umefunguliwa, basi. Mlioniandikia kwamba nyuma ya sauti yangu kuna kitu kama mvua ya mbali, mlisema kweli na nawashukuru, kwa sababu mimi mwenyewe nilishaizoea mpaka siisikii tena. Feni zile zilikuja na kasha. Zina pini tatu, beringi ya kawaida ya bomba, na baada ya mwaka na nusu wa vumbi na joto letu mafuta yake yalikuwa yamekauka. Ukiizungusha kwa kidole unaisikia inakwaruza.

Kwa hiyo leo tunajaribu feni mbili mpya za milimita 120, nazo ni Arctic P12 PWM PST na Noctua NF-A12x25 PWM. Zote nimezinunua kwa pesa yangu. Nimezichagua hizi kwa sababu mkiuliza kuhusu feni, majina haya mawili ndiyo yanayorudi kila mara. Moja husifiwa kwa bei, nyingine kwa ubora, na tofauti ya bei kati yake si ndogo. Mtandaoni, pesa ya Noctua moja inakaribia pesa ya pakiti nzima ya P12 tano. Mtu anayejenga kompyuta kwa kudunduliza ana haki ya kujua anacholipia.

Kwanza niwaambie nimejaribu vipi, maana hapo ndipo wengi tunadanganywa bila mtu kukusudia kutudanganya. Soma maboksi. Noctua wanaandika desibeli 22.6 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Arctic hawaandiki desibeli kabisa, wanaandika soni 0.3 kwa mizunguko 1,800, na soni ni kipimo kingine cha ukubwa wa sauti. Kampuni nyingine, Be quiet!, kwenye feni yao ya Silent Wings 4 ya mizunguko 1,600 wanaandika desibeli 18.9. Kasi tatu, vipimo viwili, na kila kampuni imepima kwake. Huwezi kuzipanga namba hizo kwenye mstari mmoja ukasema hii imeishinda ile. Na programu ya simu ya kupimia kelele nayo haisaidii kwenye sauti ndogo kiasi hiki, kwa kuwa maiki ya simu ina kelele yake yenyewe, na chumba kikitulia unaishia kupima simu yako.

Nilichofanya ni hiki. Nilisubiri saa nane usiku, bajaji zimeisha barabarani, jirani amezima redio. Nikazima pangaboi, nikachomoa friji. Maiki nikaifunga mahali pamoja, nusu mita kutoka kwenye kasha, na kiwango cha kurekodia sikukigusa mpaka mwisho. Kisha nikaipa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kazi ileile kwa nusu saa na kila feni. Swali langu lilikuwa, ili prosesa ikae kwenye nyuzi 75, feni hii inahitaji kuzunguka kwa kasi gani, na ikifika kasi hiyo inasikikaje?

Naomba tulielewe vizuri swali hilo. Kulinganisha feni mbili kwa kasi sawa si haki, kwa sababu moja inaweza kuwa kimya kwa vile tu haisukumi hewa. Feni isiyosukuma hewa si feni nzuri, hata ikinyamaza kama jiwe.

Prosesa yangu ni Ryzen 5 5600, ambayo mwisho wake wa joto ni nyuzi 90. Kipoozeo ni cha kawaida, mnara wa mabati membamba na feni moja. Chumba kilikuwa nyuzi 30. Hiyo 30 muishike, nitairudia.

Sikilizeni feni ya zamani. Ilihitaji mizunguko kama 1,500 ili kushikilia 75. Mvua yetu ile.

Sasa P12. Mizunguko 1,050 hivi. Mmesikia? Sauti ya hewa imepungua sana, lakini chini yake kuna mvumo mzito, mm-m-m, kama mtu anayeguna akiwa amefunga mdomo.

Na hii Noctua. Mizunguko 950 hivi. Hapa hata mimi nilisogeza sikio. Unachosikia ni hewa tu, haina wimbo ndani yake.

Ule mguno wa P12 ulinisumbua mpaka nikautafutia chanzo, na nimeupata. P12 ina mapanga matano. Kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, panga linapita mbele ya nguzo za fremu mara 83 kila sekunde. Noctua ina mapanga tisa, kwa hiyo kwa kasi hiyohiyo ni mara 150. Sauti hizo mbili zina unene tofauti. Ya kwanza iko chini kabisa, na bati la ubavuni mwa kasha langu, ambalo ni jembamba, linapenda kutikisika kwenye unene huohuo. Nilibonyeza kiganja kwenye bati, mguno ukafa. Nikatoa, ukarudi. Kumbe feni ilikuwa inatikisa kidogo tu na kasha ndilo lililokuwa linaimba. Nikashusha kasi mpaka 900, ukatoweka wenyewe. Nikapandisha mpaka 1,200, ukatoweka pia, ukabaki upepo tu.

Kwa hiyo ukinunua feni yoyote, fanya zoezi hili. Ipandishe polepole kutoka 600 mpaka mwisho huku umeegemeza sikio, uandike kasi zinazolifanya kasha lako liimbe. Kila kasha lina zake. Halafu kwenye mipangilio zirukwe. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa Fan Control inayoweza kuruka kasi unazozikataa. Na pale skrubu zinapogusana na bati, pini za mpira zinasaidia. Noctua wanaziweka ndani ya boksi, nne.

Wale wenzangu mnaorekodi sauti, mguno wa chini kama ule, ulio karibu na mara 80 kwa sekunde, unaweza kuukata kwenye programu ya kuhariri bila kuumiza sana sauti ya mtu. Mlio wa 150 umekaa katikati ya sauti ya mwanamume, ukiukata unaikata na sauti yenyewe. Sikulitarajia hilo. Kwa sikio Noctua ni tulivu zaidi, sina ubishi, lakini kwa maiki pengo linakuwa dogo kuliko nilivyodhani.

Noctua yenyewe ilistahili pesa yake? Nimeishika mkononi muda mrefu nikiitazama. Ilitoka mwaka 2018, na pengo kati ya ncha ya panga na fremu ni nusu milimita. Weka kadi moja ya benki, hapo tayari umezidisha. Pengo likiwa dogo hewa haipati njia ya kurudi nyuma kuzunguka ncha, na feni inaweza kusukuma pale penye kizuizi, kama kwenye mabati ya kipoozeo au kwenye rejeta ya maji. Shida ni kwamba plastiki ya kawaida inarefuka taratibu ikizungushwa kwa miaka, na pengo dogo namna hiyo panga lingekuja kugusa fremu. Ndiyo maana wakatumia plastiki ngumu wanayoiita Sterrox. Hicho ndicho unacholipia, pamoja na dhamana ya miaka 6. Rangi ya kahawia na maziwa wengi hawaipendi. Kwangu si hoja, kasha langu halina kioo.

Lakini pale mbele ya kasha, ambapo hewa inapita kwenye chujio jepesi tu, nilizibadilishana feni hizi na tofauti ya joto ikawa chini ya nyuzi moja. Pale sioni sababu ya kulipa mara nne au tano.

Sasa niseme lile ninaloliamini zaidi katika haya yote. Ukimya haununuliwi dukani peke yake. Feni ikipunguziwa kasi nusu, hewa inapungua nusu, lakini kelele inashuka karibu desibeli 15, na desibeli 10 tu sikio la mtu linaisikia kama kelele imepungua nusu. Ukiongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza, kelele inapanda desibeli 3 tu. Fanya hesabu hiyo. Feni mbili zinazotembea taratibu zinakaribia kupitisha hewa ya feni moja inayokimbia, na kelele yake iko chini kwa desibeli kama 12. Kwa hiyo mwenye pesa ya Noctua moja na kasha lenye nafasi tatu tupu, namwambia anunue pakiti ya P12, ajaze nafasi zote, azitembeze kwa 800. Herufi PST maana yake waya wa moja unachomekwa kwenye nyingine, kwa hiyo hata ubao mama, ule ubao mkubwa unaochomekwa vifaa vyote, wenye tundu moja unatosha, na zote zinakwenda kwa amri moja.

Na hapa ndipo ile nyuzi 30 inapoingia. Majaribio mengi tunayoyatazama yamefanywa Ulaya na Marekani kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Kipoozeo hakiwezi kushusha joto chini ya hewa inayokizunguka, kinachofanya ni kupunguza nyongeza tu. Kama kule prosesa inafika 65, kwako Dar au Mombasa wakati wa joto, au Muscat mwezi wa saba, inafika 75 au zaidi kwa feni ileile, kazi ileile. Sasa mipangilio ya kiwandani ya ubao mama imeandikwa kana kwamba sote tunaishi kwenye baridi. Wangu ulianza kuongeza kasi kwenye nyuzi 45. Jamani, chumbani kwangu mchana prosesa iko 45 imelala! Feni haipumziki kamwe, na mwenye kompyuta anadhani feni ni mbovu.

Nilichofanya, na ukifanya hiki peke yake bila kununua kitu utanishukuru, niliingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kompyuta inapowaka, nikaweka kasi ileile ya chini mpaka nyuzi 65, halafu ipande taratibu mpaka 80, na kuanzia hapo ikimbie inavyotaka. Joto la 65 au 70 haliidhuru prosesa iliyopewa mwisho wa 90. Nikaongeza pia muda wa kusubiri. Prosesa inaruka nyuzi 10 kwa sekunde moja ukifungua programu, na feni inayofuata kila mruko inalia vuu, inatulia, vuu, inatulia. Hiyo inachosha kuliko kelele ya juu isiyobadilika. Ipe sekunde tano au zaidi kabla haijaitikia. Hakikisha tu tundu limewekwa PWM (kasi inaamriwa kwa waya wa nne) kwa feni ya pini nne, na DC (kasi inaamriwa kwa kupunguza umeme) kwa ile ya pini tatu, la sivyo feni ya pini tatu itakimbia kasi yote siku zote.

Vumbi nalo. Feni za kuingiza ziwe nyingi kuliko za kutoa, ili hewa ipite kwenye chujio na isiingilie kwenye nyufa. Chujio likiziba, feni ile uliyoisifu itapanda kasi kutafuta hewa, nawe utarudi kwenye mvua. Mimi naosha kila wiki mbili. Ukipuliza ndani, shika mapanga kwa kidole yasizunguke.

Kilichobaki ndani ya kasha langu ni Noctua moja kwenye kipoozeo, P12 mbili mbele na moja nyuma. Zile mbili za mbele nimezipa kasi zilizoachana kwa mizunguko 50, kwa sababu zikikaribiana mno bila kulingana zinatoa sauti inayopanda na kushuka, wuu, wuu, wuu, na ukishaisikia mara moja huachi kuisikia.

Haya, sekunde kumi nyingine. Maiki palepale, kiwango kilekile, saa nane usiku, na hii video mnayoitazama ndiyo inahaririwa humo.

Ile tik, tik mnayoisikia kwa mbali ni saa ya ukutani sebuleni. Mlango ulikuwa umefungwa.