Teksi ya apu ilivyotushusha Buguruni kwenye mvua, mimi na mtoto

Jamani mi si mtu wa kulalamika ovyo, hii apu naitumia siku nyingi na madereva wake wengi ni wastaarabu, ndo maana nimeanza na nyota tatu hapo juu. Ila hili la majuzi kwenye hizi mvua za masika limenikaa kooni.

Ilikuwa Jumapili. Asubuhi jua linawaka kabisa, nikambeba mwanangu, hajafika hata miaka mitatu, tukamsalimie shangazi yangu Ilala Bungoni, mtu mzima, miguu inamsumbua, mjukuu hajamwona tangu Krismasi. Basi la mwendokasi kutoka kwetu Kimara mpaka Gerezani, bajaji, tumefika. Tumekula wali, saa nane hivi ikashuka mvua, sio mvua ya kawaida, bati linapiga kelele mpaka hamsikilizani, umeme ukakatika, radi ikilia mtoto ananing'ang'ania shingoni hataki kushuka, shangazi na miguu yake hiyo anazunguka na ndoo na masufuria kukinga panapovuja. Jioni ikapungua kidogo, tukasikia Jangwani maji yamepanda barabarani, mwendokasi hazipiti. Shangazi akasema mama laleni hapa hapa, mi kesho yake kazini, nikasema ngoja niite gari.

Dereva wa kwanza kapiga, "unaenda wapi, unalipa keshi?" Nikamwambia Kimara, nalipa kwa simu. "Basi kanseli." Wa pili hivyo hivyo. Kwanini nikanseli mimi wakati wewe ndo hutaki kwenda?

Wa tatu akaja. Salamu hamna. Neno lake la kwanza, "dada huyo mtoto asinichafulie siti." Sawa, gari lake, nikamvua mtoto sendozi zake za pinki nikaziweka chini, nikamfuta miguu na khanga yangu, nikampakata. Tumefika Buguruni akapunguza mwendo, "Jangwani kumejaa maji, hapa utaongeza elfu kumi." Nikamuuliza kaka, tunaenda Kimara, tunashika Mandela, Tabata, Ubungo, Jangwani tunaipitia wapi? Jangwani iko kule kati ya Fire na Magomeni! Hakujibu hilo. Akasema "kama huna shuka, mi sitoi msaada." Na kweli akasimama kabla ya sheli, akafungua mlango kutokea ndani, mvua inaingia, mtoto ameshaanza kusinzia begani kwangu akashtuka analia, nikashuka maji yananifika kwenye kifundo cha mguu na gari likaondoka. Na sendozi.

Niliumia. Sio hela, ningekuwa nayo labda ningempa tu yaishe. Ni kumtazama mtoto mdogo vile, giza linaingia, ukasema shuka.

Tukajibanza pale sheli na watu wengine. Likaja daladala limejaa, konda akatuona, akaruka chini akavua jaketi lake akamfunika mtoto, akapaza sauti "mpisheni mama ana mtoto!" na kijana mmoja akanyanyuka bila maneno. Tukaenda nalo mpaka Ubungo tukaunganisha. Yule konda simjui jina, Mungu ambariki, shati lake lote lilikuwa limelowa.

Nyumbani nafungua simu, safari imeandikwa imekamilika na wamenikata nauli yote mpaka Kimara!! Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaeleza yote, njia, mtoto, mvua, nikajibiwa "pole kwa usumbufu, asante kwa kutuchagua". Nikaandika tena nikauliza na viatu vya mtoto, jibu lile lile neno kwa neno. Namba ya dereva inaita tu haipokelewi.

Basi nyota tatu nimeziondoa, naweka moja, na hiyo moja ni kwa sababu haikubali kuweka sifuri. Nimesema madereva wengi wastaarabu, ni kweli, lakini dereva mmoja akifanya hivi na ofisi ikanyamaza, wengine watajifunza nini? Kuifuta sijaifuta bado, maana mtoto akizidiwa homa usiku wa manane huku kwetu Kimara juu hakuna gari nyingine ya kuita, na hilo ndo linaniudhi zaidi ya yote.

Hela wakirudisha wasirudishe. Huyu mtoto kila nikimvalisha anauliza sendozi ya pinki iko wapi. Kama wewe dereva unasoma hapa, ziache pale sheli Buguruni, nitapita kuzichukua.