Gurudumu la Nyuma la Baskeli ya Mjini: Lipi Linahimili Chumvi, Mashimo na Mzigo?

Assalaamu alaykum watazamaji wangu, wa Unguja, wa Pemba na nyote mlioko mbali. Leo mezani nina magurudumu manne ya baskeli, yote ya nyuma. Wengi mmeniuliza swali moja: mtu anayekwenda kazini kila siku, Fuoni mpaka Darajani, au Bububu mpaka Malindi, anunue gurudumu gani lisilomkatia spoki kila mara na lisilomla mshahara?

Jibu natoa sasa hivi, maana najua wengine bando linawaishia. Tafuta ringi ya alumini yenye kuta mbili, spoki 36 za stenlesi, na habu, yaani kile kitovu cha gurudumu, iwe ya gololi inayofunguka kwa spana. Halafu, kabla hujalipanda, mpe fundi alikaze upya. Mwenye haraka aende na hilo. Mwenye nafasi akae nimuonyeshe.

Kwa nini nimeleta ya nyuma tu? Kwa sababu uzito uko huko. Ukikaa kwenye siti, zaidi ya nusu ya mwili wako iko juu ya gurudumu la nyuma. Weka madumu mawili ya maji ya lita 20, hizo ni kilo 40 nyengine, zote juu ya keria. La mbele hata likiwa la bei nafuu litakustahamilia. Pesa yako ikitosha gurudumu moja tu, nunua la nyuma.

Tuanze na hili la kromu, la inchi 28, lile la baskeli za Phoenix ambazo wazee wetu wanazipanda mpaka leo. Nalisema kwa heshima. Ringi ni ya chuma, ikipiga shimo inabonyea lakini haipasuki, na fundi yeyote wa chini ya mwarobaini anainyoosha. Shida yake ya kwanza ni mvua. Kromu ikirowa, mpira wa breki unateleza tu. Uko mzunguko wa Michenzani, masika imeshika, daladala limesimama ghafla mbele yako: hapo utaelewa ninachosema. Alumini ikirowa nayo hupunguza breki, lakini si kwa kiasi hicho, tofauti ni kubwa sana. Shida ya pili ni chumvi. Nasogeza kamera, tazameni hapa spoki inapoingia kwenye ringi. Mnaona duara la kahawia? Kromu imebambuka kwenye ukingo wa tundu, na kutu imeanza kula kwa ndani. Kwa nje ringi bado inang'aa, ndiyo maana muuzaji atakwambia nzima.

Lakini sikilizeni, kama baskeli yako ina breki za vyuma, zile ambazo mpira unapanda juu na kushika ringi upande wa ndani, basi baki na ringi ya aina hii hii. Ringi ya alumini ya kawaida hushikwa ubavuni, na breki hizo hazitapata pa kushika. Usiache mtu akakuuzia.

La pili ndilo linalouzwa zaidi, jipya kabisa, limefungwa kwenye nailoni, linavutia. Ringi ni alumini, sawa. Sasa natoa huu utepe wa ndani. Mnaviona vile vinati vidogo vya spoki? Vichwa vyake vimekaa juu juu hapa, usawa wa kidole. Hii ni ringi ya ukuta mmoja. Linganisheni na hili la tatu: tundu ni kubwa, na kinati kimezama chini, unakiona kama kiko kisimani. Hizo ndizo kuta mbili. Ringi ya kuta mbili ina umbo la boksi, kwa hiyo ukiingia shimo na keria imejaa, haipindi upesi. Kwa pale mjini, ambapo lami inakwisha ghafla na mtaro unaanza, tofauti hiyo ndiyo unayoilipia.

Na spoki. Nina sumaku hapa, nimeitoa kwenye spika mbovu. Naiweka kwenye spoki za la pili: inang'ang'ania, mpaka nivute. Hizi ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Naiweka kwenye hili la tatu: inashika kidogo tu, au haishiki. Hizi ni stenlesi. Muende na sumaku dukani, hakuna muuzaji mwenye haki atakayekasirika. Wale ndugu zetu wanaotoka Malindi na tenga la samaki nyuma, maji ya chumvi yanadondokea spoki safari nzima. Zinki haidumu hapo. Hata wewe usiyebeba samaki, baskeli inalala nje, upepo wa bahari unaifuata.

Na vile vinati vyenyewe viwe vya shaba ya njano iliyopakwa nikeli, si vya alumini. Alumini kwenye hewa ya bahari huganda pale pale, siku fundi akitaka kukaza, kinavunjika mkononi.

Hili la tatu ni la mtumba, kutoka Ulaya. Mimi nayapenda sana ya mtumba, ila lazima ujue pa kutazama. Pitisha kidole ubavuni mwa ringi, mahali mpira wa breki unaposugua. Ukihisi pamechimbika kama mfereji, liwache. Ukuta umeliwa, na siku moja upepo wa tairi utaupasua ukiwa njiani. Hili ni bapa, zuri. Halafu shika ekseli kwa vidole, zungusha taratibu. Ikiwa inakwaruza kama ina mchanga, koni, zile nati ambazo gololi zinazunguka juu yake, zimeshaliwa. Ikiwa inakwenda laini lakini imekaza kidogo, hiyo ni grisi kavu tu, inatibika.

Habu ya gololi ndiyo nnayoitetea kwa nguvu zote. Nyuma inachukua gololi za robo inchi, kwa kawaida tisa kila upande. Mbele ni ndogo zaidi, mara nyingi kumi kila upande. Unafungua, unasafisha kwa mafuta ya taa, unatia grisi, unafunga. Beringi za kuziba ni nzuri, sikatai, lakini maji ya chumvi yakishapenya inabidi zitolewe kwa kifaa maalumu, na fundi wengi wa mitaani hawana. Na nakuombeni, msipeleke baskeli kwa waosha magari wenye mashine ya presha. Maji yale yanasukuma grisi nje ya habu.

Sasa namba, na hapa pesa nyingi zinapotea. Usiseme dukani "nataka la 28." Soma ubavuni mwa tairi lako. Utakuta mfano 37-622, au 40-635. Zote mbili zinaitwa 28, lakini ile namba ya tarakimu tatu ni kipenyo cha ringi kwa milimita, na hapo zinatofautiana milimita 13, tairi la moja haliingii kwa jengine. Na 26 ni hivyo hivyo: baskeli ya milimani ni 559, na zile za Kijapani zenye kikapu mbele mara nyingi ni 590. Nenda na ile namba ya tarakimu tatu. Angalia na tundu la vali: vali nene ya pikipiki inataka tundu la milimita 8.5, ringi nyengine za mbio zina 6.5 tu.

La nne. Hili fundi amelifunga mwenyewe: ringi mpya ya kuta mbili, habu ya mtumba, spoki mpya za stenlesi 36. Nagonga spoki za upande wa cheni, sikilizeni. Sauti moja, juu, zote. Sasa nagonga lile jipya la nailoni. Mmesikia? Hii juu, hii chini, hii imelala kabisa. Gurudumu la 28 huzunguka kama mara 450 hivi kwa kila kilomita, na kila mzunguko spoki iliyo chini inalegea kisha inakaza tena. Ikiwa imelegea tangu mwanzo, inachezacheza kwenye shingo yake pale habuni, mpaka inakatika. Ndiyo maana zinakatika huku hujapiga shimo lolote. Kwa hiyo mtu anayesema spoki nyembamba ndizo mbovu, mara nyingi tatizo lake ni ukazaji.

Mimi pesa yangu naiweka kwenye la nne, bila kusita. Usipoweza, chukua la tatu. Ukilazimika kuchukua la pili, lichukue, lakini lisitoke dukani kwenda barabarani. Lipite kwa fundi kwanza. Mwambie azikaze zote sawa, asinyooshe tu ringi isiyumbe, halafu azibane spoki mbili mbili kwa kiganja, kila upande, kwa nguvu, zikae mahali pake, ndipo arudie kunyoosha. Baada ya wiki moja au mbili za kazi, rudi kwake na spana ya spoki iguse tena zile zilizolegea. Mlipe vizuri.