Askari wa Schutztruppe wa 1/72, plastiki laini: uzoefu wangu wa kuwapaka na kuwasimamisha kwenye diorama (mandhari ndogo ya sanamu) ya Tanga 1914

Sanduku lina sanamu 48 za askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani Afrika Mashariki, mikao 12 inayorudiwa mara nne, wote bado wameshikana na fremu ya plastiki waliyotoka nayo kiwandani. Plastiki ni polithilini, ile laini inayopinda ukiibonyeza. Kwa skeli ya 1/72 mtu wa sentimita 170 anatakiwa kuwa na milimita 23 na nusu, na hawa kwenye kalipa wanasoma kati ya 23 na 24 ukiacha kibao cha miguuni. Kwa hiyo wanakaa vizuri pamoja na seti nyingine za skeli hiyo. Bei yenyewe si mbaya. Kinachouma ni usafirishaji, kwa hiyo agiza masanduku mawili au matatu kwa mkupuo.

Uchongaji ni mzuri kuliko nilivyotarajia kwa bei hii. Tarbushi imefunikwa kitambaa cha kaki, na kile kipande kinachoshuka kukinga shingo na jua kimechongwa na mikunjo yake. Vitambaa vya kuzungushia ugoko vinaonekana mzunguko kwa mzunguko, hivyo rangi iliyozimuliwa inaingia kwenye mifereji bila shida. Udhaifu uko kwenye mikao miwili ya kulenga shabaha: kati ya bunduki na kifua kuna bonge la plastiki, kwa sababu kalibu ya vipande viwili haifiki pale. Ukilichimba unadhoofisha mkono. Mimi ningewaweka hao nyuma ya tuta au kichaka, mtazamaji aone kichwa na mtutu basi.

Sasa kazi yenyewe. Anza na sabuni ya vyombo, maji ya vuguvugu na mswaki mlaini, wakiwa bado kwenye fremu. Kiwandani kalibu hupakwa mafuta ili plastiki ichomoke, na mafuta hayo ndiyo yanayofanya rangi ijikusanye matone matone. Suuza, kausha usiku mzima, na baada ya hapo usiwashike kwa vidole vitupu.

Mabaki ya plastiki kwenye mshono hayaondoki kwa tupa wala msasa. Plastiki hii ikisuguliwa haitoi unga, inatoa manyoya, na manyoya hayo yakipakwa rangi yanaonekana zaidi. Kata kwa wembe mpya, mkato mmoja mrefu, kisu kikielekea nje ya uso. Wembe ukianza kuvuta badala ya kukata, tupa.

Bunduki karibu zote zilifika zimepinda. Chemsha maji, epua, acha yapoe kidogo, tumbukiza askari kwenye chujio la chai kwa sekunde kumi na tano hivi, nyoosha kwa vidole, kisha papo hapo maji ya barafu. Usiposhikilia hadi barafu imalize kazi, bunduki inarudi ilipokuwa. Na hata iliyonyooka itapinda tena ukiacha sanduku ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Rangi ya msingi ndipo wengi wanapoharibu. Praima ya kopo ya magari inashika vizuri siku ya kwanza, lakini ni ngumu, na plastiki chini yake inacheza. Ufa unaanza kwenye vifundo vya miguu na kwenye mtutu, halafu maganda. Kuna plastiki laini ambazo praima ya aina hiyo haikauki kabisa, inabaki inanata wiki nzima. Tumia praima ya akriliki yenye poliyurethani, kampuni ya rangi ya Vallejo wanayo ya kupaka kwa brashi, matabaka mawili membamba, na ngoja saa 24 kabla ya rangi. Kinachoizuia kubanduka ni ngozi ya praima yenyewe kumzunguka askari mzima, kwa hiyo usiache sehemu tupu hata chini ya kwapa.

Kaki ninayopenda ni Vallejo Model Color 70.988, kisha rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji kwenye mikunjo, kisha kaki ileile iliyochanganywa na nyeupe kidogo kwenye mabega na juu ya tarbushi. Kwa ngozi, 70.872 ni msingi mzuri, lakini usiwapake wote sawasawa. Wanajeshi hawa waliandikishwa Wasukuma na Wanyamwezi, na wengine walitokea Sudan, na kundi lenye rangi moja ya uso linaonekana kama limetoka kwenye kopo. Mikanda na mikoba ya risasi iwe ngozi ya kahawia, si nyeusi. Vanishi ya mati (isiyong'aa) mwishoni ni ya lazima. Inaikinga rangi na vidole, na kaki inayong'aa kwa skeli hii inaonekana kama nailoni.

Supagluu haishiki polithilini. Inaonekana imeshika, halafu unahamisha ubao na askari watatu wanaanguka. Toboa mguu kwa ncha ya pini ya nguo iliyopashwa moto, ingiza kipande cha pini hiyohiyo cha milimita 8, acha nusu itokeze chini, kisha chomeka kwenye ardhi ya diorama pamoja na gundi nyeupe. Kibao cha miguuni kina unene wa milimita 1, kwa hiyo si lazima ukikate. Chimba kidogo, kilaze, funika kwa mchanga.

Kuhusu Tanga. Nimechagua tarehe 4 Novemba 1914, siku ya shambulio kuu la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, pale reli ilipopita kwenye mfereji uliochimbwa mashariki ya mji. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000 dhidi ya kama 8,000 wa Jenerali Aitken wa Uingereza. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: adui wa kuwaweka upande wa pili si King's African Rifles (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. KAR hawakushiriki mapigano ya Tanga. Walioshuka ni vikosi vya India, kwa mfano 13th Rajputs, 101st Grenadiers na Kashmir Rifles, pamoja na Waingereza wa Loyal North Lancashire. Unahitaji vilemba na helmeti za jua. Sanduku la KAR lihifadhi kwa mandhari za baadaye za Vita Kuu ya Kwanza.

Ubao wa sentimita 30 kwa 20 ni sawa na mita 21 na nusu kwa 14 na kitu kwenye uwanja. Ni padogo. Ukimwaga askari wote 48 humo unapata foleni ya daladala. Kumi na wawili hadi kumi na watano wanatosha. Tumia plaiwudi ya milimita 9, na ipake rangi pande zote mbili kabla ya kuanza, kwa sababu ikinywa maji ya gundi upande mmoja tu itajikunja. Juu yake sterofomu nyeupe ya kufungia friji, iliyokatwa kwa kisu kirefu. Usiipulizie rangi ya kopo kabla hujaifunika kwa gundi na mchanga, maana kiyeyushi kinaila.

Reli ya Usambara ilikuwa ya upana wa mita moja, sawa na milimita 13.9 kwa skeli hii. Njia za treni za kuchezea za milimita 16.5 ni pana mno, na zile za 12 ni nyembamba kidogo. Nachagua za 12, jicho linasamehe wembamba haraka kuliko upana. Mataruma yazame kwenye kokoto mpaka nusu.

Mchanga wa ufukweni unafaa, ila uoshe kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) mara kadhaa na uukaushe. Chumvi ikibaki inavuta unyevu na kutoa ukungu mweupe juu ya rangi baada ya miezi. Chuja kwa chujio la chai, kwa sababu punje ya milimita 2 ni jiwe la sentimita 14. Gundi nyeupe moja kwa maji mawili, tone la sabuni ya vyombo ili ipenye, na kwa unyevu wa pwani hesabu siku mbili za kukauka. Gundi ya unga usiiguse. Mende watakula vita vyote.

Minazi ya kununua ni ya plastiki na majani yake yanang'aa. Funga chelewa kadhaa pamoja, zungusha tepu ya karatasi kwa mistari iliyoachana kidogo ili ionekane makovu ya makuti, pindisha kidogo. Mnazi wa mita 12 ni milimita 167. Makuti ya karatasi yenye waya katikati, urefu wa milimita 60 hadi 80, yamekatwakatwa pembeni kwa mkasi.

Nyuki waliwashambulia wanajeshi pale Tanga, na kila mtu anataka kuwaonyesha. Nyuki wa milimita 12 kwa 1/72 ni chini ya robo ya milimita. Nukta yoyote utakayoiweka kwa brashi ni kubwa mno kwa nyuki. Weka mizinga ya nyuki badala yake: kijiti cha mshikaki cha milimita 3, kipande cha milimita 15, kining'inizwe mtini kwa uzi. Anayejua ataelewa.

Bunduki: wengi wa askari hawa walikuwa bado na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi. Kwa skeli hii tofauti ya urefu kati yake na Mauser 98, ile mpya ya baruti isiyo na moshi mwingi, ni ndogo mno, huwezi kuzitofautisha kwenye sanamu. Kinachotofautisha ni moshi. Chukua pamba ya dukani, ivute mpaka uone kidole upande wa pili, ipulizie dawa ya nywele, iweke mbele ya mitutu na iache inatanda chini, si juu. Sufi haifai, nyuzi zake ni fupi na telezi, inajirudi kuwa kibonge.

Manung'uniko yangu makubwa kwa sanduku hili si plastiki. Hakuna bombomu (bunduki ya rashasha) hata moja, wakati bombomu za Maxim ndizo zilizofanya kazi kubwa siku hiyo, na hakuna mpagazi hata mmoja. Kombania ya Schutztruppe bila wapagazi haikwenda popote. Bombomu unaweza kuikopa kwenye seti ya Wajerumani wa Ulaya, ubadilishe wahudumu vichwa kwa pini. Wapagazi ni kazi zaidi: chukua mkao wa kutembea, kata bunduki na tarbushi, vua mikoba ya risasi kwa wembe, na mzigo wa kichwani uutengeneze kwa epoksi ya kukanda. Fanya wawili tu, uwaweke nyuma ya mfereji na masanduku ya risasi. Seti hii naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Watengenezaji wakitoa fremu ya ziada yenye wapagazi sita na Maxim moja, nitaongeza nyota bila kusita.