Kalipa na diski kubwa kwa gari la zamani: ununue nini kwanza

Gari la zamani likishuka mteremko mrefu huku mguu haubanduki kwenye breki, dereva hufika chini akiwa na wazo moja: kalipa kubwa (kifaa ambacho pistoni zake hubana pedi kwenye diski), diski kubwa. Wazo hilo nalielewa, nimelifuata mwenyewe. Lakini kabla hujatoa hata senti, jua kwanza tatizo lako liko wapi.

Tafuta barabara kavu isiyo na watu, kisha kanyaga breki kwa nguvu zote. Tairi zikijifunga na kuburuza, breki zako zina nguvu tosha. Kinachobaki ni mshiko wa tairi, na hapo diski kubwa haitakupunguzia umbali wa kusimama. Faida yake iko kwenye joto. Gari linalosimamishwa kutoka mwendo wa 100 hutoa joto mara nne ya lile linalosimamishwa kutoka 50, na chuma kingi hulimeza joto hilo bila kulemewa. Sasa isikilize pedali. Ikibaki ngumu lakini mwendo haupungui, pedi zimezidiwa na joto. Ikididimia na kuwa laini, oili ya breki imechemka. Hayo ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake.

1. Fufua breki ulizo nazo

Hili naliweka la kwanza, wala si chaguo la mtu aliyekosa pesa. Mwenye gari la miaka 25 mara nyingi hajawahi kuonja breki zake zikiwa nzima. Nunua sili na raba za vumbi za kalipa, na pistoni mpya kama za zamani zimeliwa na kutu. Pini ambazo kalipa hutelezea zisafishwe na kupakwa grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida hufurisha raba, na pini hukwama tena.

Badilisha hozi zote za mpira. Hozi iliyozeeka huvimba kwa ndani hadi oili inapita kwenda lakini hairudi, na gurudumu linabaki limeshikwa hata ukiachia pedali. Oili iwe ya daraja la DOT 4, imeandikwa kwenye chupa: ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama gari limelala tu. DOT 5 ya silikoni usiichanganye nayo kamwe.

Kwenye pedi, soma herufi mbili zilizochapwa ubavuni, ya kwanza kwa pedi ya baridi na ya pili kwa pedi ya moto. FF inatosha magari mengi ya barabarani. Pedi ambayo herufi yake ya pili hutangulia ya kwanza katika alfabeti, kama FE, hupoteza mshiko ikipata moto, kwa hiyo iache dukani.

2. Chukua za ndugu yake mkubwa

Magari mengi yana ndugu wa ukoo uleule mwenye injini kubwa na breki kubwa zaidi. Mfano unaojulikana ni Volkswagen Golf ya kizazi cha pili: zile za kawaida zina diski za mbele za 239 mm, ilhali Corrado G60 ina za 280 mm zenye matundu ya hewa katikati. Kipenyo kinapanda kwa asilimia 17, na vifaa vimetoka kampuni ileile. Ila rimu za inchi 13 au 14 hazitapita juu ya kalipa hiyo, unahitaji 15. Iwe gari gani, ijaribu rimu yako juu ya kalipa kabla ya kulipa, na uone nafasi ya milimita tatu pande zote.

Angalia na kipenyo cha pistoni. Ukitoka 48 mm kwenda 54 mm, eneo linaongezeka kwa takriban asilimia 27, na masta silinda ileile, yaani pampu ya oili inayosukumwa na pedali, italazimika kusukuma oili zaidi. Pedali itashuka kuliko ulivyozoea. Uliza kama masta silinda ya huyo ndugu mkubwa inauzwa pamoja.

Mimi nilinunua jozi ya kalipa zilizotumika, ikafungwa kwenye gereji moja. Tulitoa upepo kwenye oili mchana kutwa, chupa mbili za oili zikaisha, pedali bado inazama. Jioni nikachutama kando ya gurudumu nikaona nipo, ile koki ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa, imeelekea chini. Kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, na ya kushoto kulia. Kiputo hupanda juu. Nipo ikiwa chini, utapiga pampu mpaka mguu uchoke na hakitoki. Tulizibadilisha pande, na pedali ikasimama juu siku hiyohiyo.

3. Seti kamili mpya, pistoni nne

Ni nzuri kwa anayebeba mzigo au anayeshuka milima kila siku. Muuzaji akutajie ukubwa wa masta silinda inayofaa. Kama hajui, ondoka. Hakikisha kalipa zina raba za vumbi, kwa sababu zile za mashindano mara nyingi hazina, na uchafu wa barabarani huziua. Usikuze breki za nyuma peke yake: magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza, gari huzunguka.

4. Diski zilizotobolewa matundu usoni

Hizi ni za mwisho. Matundu hupunguza chuma cha kumeza joto, na nyufa huanzia kwenye kingo zake. Zenye mifereji ni afadhali, japo hula pedi haraka na huvuma.

Kalipa iliyochomelewa, au diski iliyofikia unene wa chini uliochapwa kwenye kiini chake, usiipokee hata bure.

Siku ya kufunga, piga brashi ya waya kwenye habu, yaani kitovu ambacho diski hukaa juu yake, mpaka chuma king'ae. Chembe ya kutu nyuma ya diski inatosha kuufanya usukani utetemeke baadaye. Osha mafuta ya kuzuia kutu kwenye diski mpya, kisha punguza mwendo kutoka 60 hadi 10 mara nane au kumi bila kusimama kabisa. Baada ya hapo endesha taratibu zipoe, na usisimame ukiwa umekanyaga breki: pedi za moto huacha alama pale zilipobana.