Kufuatilia sheria mpya ndani ya bajeti ya Kenya: nyaraka za bure tulizopima

Anayetaka kujua sheria mpya imeongeza au kupunguza nini kwenye bajeti ya Kenya halipi hata shilingi, maana karatasi zote muhimu ziko mtandaoni. Ila hakuna hata moja inayokuonyesha moja kwa moja kwamba kifungu fulani cha sheria ndicho kilichogusa fungu fulani la fedha. Kuunganisha ni kazi yako, na nyaraka zenyewe zinatofautiana sana kwa manufaa, ndiyo maana tumezipa nyota, tano zikiwa za juu kabisa.

Maelezo yaliyo mwisho wa mswada: nyota moja. Humo mna sentensi inayosema kama mswada utaongeza matumizi ya fedha za umma au la. Kiasi usitarajie kukipata hapo. Faida yake ni kukuelekeza tu: mswada ukihesabiwa kuwa wa fedha chini ya Ibara ya 114 ya Katiba, Bunge la Kitaifa haliwezi kuendelea nao bila pendekezo la kamati husika, na kamati hiyo lazima izingatie maoni ya Waziri wa Fedha. Basi nenda kwenye ripoti ya kamati.

Ofisi ya Bajeti ya Bunge: nyota tatu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 10, inaitaka ofisi hii iziarifu kamati kuhusu kila mswada wenye athari za kiuchumi na kifedha. Uchambuzi wake wa makadirio ya mwaka ndio unaosomeka kwa urahisi kuliko vitabu vyote vya Hazina, na hauogopi kuhoji makisio ya mapato. Usiufanye mizani ya mwisho, kwa sababu ni makisio ya kabla ya tukio. Fedha zilizoingia na kutoka hutazamwa kwingine.

Vitabu vya makadirio: nyota tatu na nusu, na hapa ndipo wengi huteleza. Hufika Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, kwa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai. Kila idara ina namba yake ya fungu (Hazina ya Kitaifa ni 1071, Idara ya Barabara 1091) na vitabu viwili: R kwa matumizi ya kawaida, D kwa maendeleo. Fuata namba, usifuate jina, maana idara hubadilishwa majina na kuhamishiwa wizara nyingine kila serikali inapopangwa upya. Halafu angalia kama unasoma jumla ghafi au jumla halisi. Jumla ghafi ina mapato ambayo idara inakusanya na kuyatumia yenyewe, yale vitabu huyaita A-I-A. Jumla halisi imeyaondoa. Ukichukua ghafi ya mwaka huu ukailinganisha na halisi ya mwaka jana, utatangaza ongezeko ambalo halipo. Kumbuka pia kwamba riba na malipo ya deni, pensheni na mishahara ya maafisa wa kikatiba havimo katika Sheria ya Kuidhinisha Matumizi. Hulipwa moja kwa moja kutoka kwenye mfuko mkuu.

Taarifa ya mapato na fedha zilizotolewa, katika Gazeti Rasmi: nyota nne na nusu. Kama una muda wa kusoma kitu kimoja tu, soma hiki. Hazina huichapisha kila mwezi: mapato yaliyoingia, kisha kila fungu limepewa kiasi gani, kando ya makadirio ya awali na yaliyorekebishwa. Takwimu zake hujumlishwa kuanzia 1 Julai, kwa hiyo ukitaka za Oktoba pekee, toa za hadi Septemba. Safu ya makadirio yaliyorekebishwa ikibadilika, bajeti ya ziada, yaani ile inayorekebisha bajeti ya awali kwa kuongeza au kupunguza, imepita. Tafuta sheria yake.

Ripoti za Msimamizi wa Bajeti: nyota nne. Huchelewa kuliko Gazeti, lakini hutoa sababu, hutaja madeni ya wakandarasi, na huonyesha fedha zilizotolewa chini ya Ibara ya 223, yaani kabla Bunge halijaidhinisha.

Mwaka 2024 ni kipimo kizuri cha zana zote hizi. Mswada wa Fedha ulilenga kuongeza mapato kwa takriban shilingi bilioni 346. Ulipitishwa tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Siku chache baadaye Rais alitangaza kwamba pengo litazibwa kwa kupunguza matumizi kwa bilioni 177 na kukopa bilioni 169. Bajeti ya ziada aliyoitia saini Agosti ilipunguza bilioni 145.7. Kabla ya kupiga kelele kwamba 177 na 145.7 hazilingani kwa sababu kuna fedha zimefichwa, kumbuka kwamba mgao wa kaunti una sheria yake. Ulikuwa bilioni 400.1, Hazina ikataka uwe 380, na mvutano wa Bunge la Kitaifa na Seneti ukauacha kwenye 387.4. Mswada mmoja ulioanguka, sheria mbili za kurekebisha, na aliyesoma moja tu hakupata hesabu kamili.

Katikati ya hayo, tarehe 31 Julai, Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria yote ya Fedha ya 2023, ile iliyopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Mahakama ya Juu ikasimamisha uamuzi huo, kisha Oktoba ikautengua. Kwa hiyo kwenye jedwali lako weka safu ya kesi, pamoja na safu ya tarehe ya kuanza kutumika, kwa kuwa vifungu vya sheria moja ya fedha vinaweza kuanza Julai, Septemba au Januari.

Nusu nyota tuliyoinyima taarifa ya Gazeti Rasmi ina sababu. Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, kwa tangazo la kisheria, bila Mswada wa Fedha. Fedha zake huhesabiwa kama A-I-A, na utoaji unaoonyeshwa kwa kila fungu katika taarifa ya mwezi hauna A-I-A. Shilingi hizo saba zitafute kwenye mapitio ya bajeti ambayo Hazina huyawasilisha kwa Baraza la Mawaziri kufikia 30 Septemba, penye mstari wa mapato ya wizara.