Ubao Ulisema Dakika 45

Kwa haki ningepaswa kuanza na sifa, kwa sababu nusu ya kwanza ya siku ile ilikwenda kama tulivyoipanga, na iliyotusaidia ni programu ya simu inayoonyesha muda wa kusubiri katika kila mchezo wa bustani ya burudani tuliyoitembelea. Lakini kila ninapojaribu kuziandika sifa hizo, hunijia sauti ya mhudumu mmoja aliyeniambia, bila hata kunitazama usoni, akiitaja ile foleni ya pembeni ya wanaolipa zaidi: "Mzee, ungelipia njia ya haraka, saa hizi ungekuwa umeshashuka." Kwa hiyo tathmini hii itamhusu yeye kuliko bustani yenyewe, na anayetaka kujua urefu wa reli au kasi ya mabehewa atayapata hayo kwingineko.

Nilikwenda na wapwa zangu watatu wakati wa likizo, mdogo wao akiwa ndiyo kwanza amefikisha kimo kinachotakiwa kwenye rola kosta kubwa ya bustani ile, yale mabehewa yanayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli. Tulisimama langoni kabla halijafunguliwa. Rola kosta yenyewe ilichelewa kuanza kazi asubuhi hiyo, kwa hiyo tuliipita michezo ya karibu na lango, ambako watu hujazana kwa sababu tu ndiyo wanayoiona kwanza, tukaenda hadi mwisho wa bustani na kupanda michezo miwili mikubwa kabla foleni zake hazijaanza kujikunja. Mpwa wangu mkubwa alipotaka kurudia mmojawapo, alitumia foleni ya wanaopanda peke yao, ambayo huenda mbio kwa kuwa hujaza viti vinavyobaki wazi pale familia ya watu watatu inapokaa kwenye safu za viti viwiliviwili. Jua lilipokuwa kali, saa ambazo namba zote kwenye simu hupanda kwa pamoja, tuliingia kwenye maonyesho ya ukumbini, yanayochukua mamia ya watu kwa mkupuo mmoja. Wakati huo nilikuwa tayari kutoa nyota nne, na ya tano ningeifikiria.

Alasiri ubao wa rola kosta ulisema dakika 45, na simu ilisema hivyohivyo. Mlangoni mhudumu mmoja, mwanamke mchangamfu ambaye sina neno baya juu yake, alimvalisha mpwa wangu mdogo kadi nyekundu yenye kamba shingoni, akamwambia aikabidhi kwa mhudumu wa mwisho kabla ya kupanda. Mbinu hiyo hutumika katika bustani kadhaa kubwa: kadi husomwa na mashine mwanzoni mwa foleni, kisha husomwa tena mwishoni, na tofauti ya nyakati hizo mbili huwaonyesha wasimamizi watu wamesubiri kwa muda gani hasa. Mtoto aliishika kadi ile kwa mikono miwili kama aliyekabidhiwa ufunguo wa mji, nami nikafurahi kwamba tumeangukia mahali ambapo wanapima kabla ya kusema.

Tulikuwa tumeshaivuka nusu ya njia mabehewa yaliposimama. Kipaza sauti kilitangaza kwamba kuna kusitishwa kwa muda, bila sababu na bila makadirio. Watu wengine walitoka. Sisi tulibaki, kwa kuwa anayetoka hupoteza nafasi yake na akirudi huanza upya nyuma. Mitambo ya namna hii husimama mara kwa mara kwa sababu za usalama, wakati mwingine ni kihisi kimoja tu kilichoona jambo lisilo la kawaida, na mimi si mtu wa kumlaumu fundi anayekataa kubahatisha maisha ya watoto. Nasisitiza hilo ili isidhaniwe kwamba nilikasirishwa na hitilafu.

Kilichonikasirisha kilikuja baada ya mabehewa kuanza tena kutembea. Wale waliolipia njia ya haraka, ambao zamu zao zilikuwa zimepita mchezo ukiwa umesimama, walirudi wote kwa wakati mmoja. Mahali njia mbili zinapokutana alisimama kijana mmoja mwenye kihesabio kidogo kiganjani na kamba mkononi. Kamba ilikuwa imefungwa upande wetu. Walipita makundi kwa makundi, na kila kikundi kilipopita kidole gumba chake kilibonyeza kihesabio, tak, tak, tak, kisha akatuachia watu wachache wa upande wetu, akaifunga kamba tena. Hali hiyo iliendelea kwa muda mrefu kuliko ule ambao mabehewa yalikuwa yamesimama.

Nilimsogelea kwa heshima nikamuuliza: "Samahani, kijana wangu, upande huu utaruhusiwa lini?" Hapo ndipo alipotoa jibu lile nililolinukuu juu. Sikuwa nimeomba kupitishwa, wala sikumlalamikia aliyelipa. Niliuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kuwa "nusu saa" au hata "sijui, mzee wangu, vumilieni". Mpwa wangu mdogo alinivuta mkono akaniuliza: "Mjomba, kwani sisi hatukulipa getini?" Sikuwa na la kumjibu, na kijana yule, ambaye bila shaka alimsikia, aliendelea kubonyeza.

Mwaka 1985 David Maister, mtaalamu wa usimamizi wa biashara, aliandika kuhusu saikolojia ya foleni na kueleza kwamba kusubiri kusikoelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kunakoelezwa, na kusubiri kusiko na haki huonekana kurefu kuliko kule kwenye haki. Ni maarifa ya miaka mingi, na ninaamini wasimamizi wa bustani wanayafahamu, kwa sababu ndiyo yanayowafanya wazipambe njia za foleni kwa picha, muziki na vitu vya kuchezea. Wamegharamia kuta. Kumfundisha aliyeshika kamba sentensi mbili za adabu kumewashinda.

Hata hivyo sitaki kumwonea. Yule ni mfanyakazi aliyesimama juani tangu asubuhi, na si yeye aliyeamua viti vingapi vya kila behewa viwe vya waliolipa zaidi. Mtindo wenyewe una historia yake: Walt Disney World, bustani za burudani zilizoko Florida, Marekani, ilipoanzisha utaratibu wa njia ya haraka ulioitwa FastPass mwaka 1999, mgeni alipata muda wa kurudi bila malipo ya ziada, na mwaka 2021 nafasi ya utaratibu huo ilichukuliwa na huduma ya kulipia, ingawa bustani nyingine zilikuwa zikiuza njia ya haraka hata kabla ya hapo. Biashara ni biashara. Isitoshe, tulipofika mbele na kupanda, mchezo ulikuwa wa kupendeza mno, na mtoto alishuka akiwa amepoteza sauti kwa kupiga kelele za furaha, akaomba turudie. Nikamwangalia nikajiambia kwamba nyota tatu zinatosha, yaishe.

Kisha tukatoka nje na kupita tena chini ya ubao. Ulikuwa bado unasema dakika 45.

Kadi nyekundu ilikuwa imekabidhiwa na kusomwa punde tu. Mashine yao wenyewe ilikuwa imepokea ushahidi kwamba mtoto huyu amesimama humo karibu saa mbili, na watu wapya walikuwa wakiingia mlangoni kwa kuiamini namba ileile iliyotudanganya sisi. Bustani ikiandika muda mrefu kuliko wa kweli, kama inavyotokea mara nyingi, hasa karibu na saa za kufunga, hakuna anayelalamika, kwa kuwa mtu hufurahi kufika mapema. Lakini kuandika muda mfupi huku unajua si makadirio tena. Nyota mbili zikaanguka palepale.

Anayepanga siku yake aelewe namba hiyo inatokana na nini. Muda wa kusubiri ni idadi ya watu walio mbele yako ikigawanywa kwa idadi ya watu wanaopandishwa kwa saa. Mabehewa yenye viti 24 yakiondoka kila dakika, hubeba watu 1,440 kwa saa. Seti moja ikiondolewa kwenye reli na mabehewa yakaanza kuondoka kila baada ya dakika mbili, wanabaki 720, na foleni ileile huchukua muda maradufu bila mtu hata mmoja kuongezeka. Toa humo sehemu kubwa ya viti wanayopewa waliolipia, na utaona kwamba mtu wa foleni ya kawaida anagawana na wenzake mabaki. Hayo hayaandikwi ubaoni, ila unaweza kuyachungulia mwenyewe: simama karibu na mahali mabehewa yanapotokea, hesabu sekunde kati ya moja na lingine, kisha angalia mlango wa njia ya haraka umejaa kiasi gani. Mchezo uliotoka kufunguliwa baada ya hitilafu uachwe kwanza, hata kama namba yake inavutia, mpaka waliokusanyika upande wa pili wamalizike. Na kama miguu ya watoto inaruhusu, foleni ya dakika za mwisho kabla ya kufunga mara nyingi ndiyo yenye nafuu, kwa kuwa bustani nyingi huwapandisha wote waliokwishaingia kwenye foleni kabla ya saa ya kufunga.

Je, programu yao ninaipendekeza? Kwa asubuhi, ndiyo, na ningeitumia tena. Kwa alasiri, siku ambayo kuna mchezo uliosimama, afadhali macho yako.

Niliandika malalamiko, nikaeleza habari ya kadi, ubao na maneno ya kijana yule. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, likiwa na shukrani nyingi kwa maoni yangu. Kuhusu kadi halikusema neno, kuhusu kijana halikusema neno, na chini yake palikuwa na vocha ya kupita njia ya haraka mara moja, kwa mtu mmoja. Tulikuwa wanne. Nimeiondoa na ile nyota iliyobaki. Kama mfumo hauruhusu sifuri, hiyo moja mnayoiona juu imewekwa na mfumo.