Hip-hop yenye jazz: muziki ninaoshinda nao kwenye cherehani

Mimi ni fundi nguo hapa Morogoro. Ninakaa kwenye cherehani kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi, mguu kwenye pedali, macho kwenye sindano, kwa hiyo muziki kwangu ni sehemu ya kazi. Miaka yote nilifungulia redio. Nyimbo nzuri zilikuwapo, lakini kila baada ya muda tangazo linalipuka na mkono unashtuka kwenye pindo la nguo ya mtu.

Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea kwenye simu albamu ya The Low End Theory, ya A Tribe Called Quest, vijana wa New York walioitoa mwaka 1991. Nikamwambia mimi na hip-hop hatujazoeana. "Mjomba, sikiliza wimbo wa kwanza tu," akasema. Wimbo unaanza na besi peke yake, inatembea taratibu. Q-Tip, mmoja wa vijana hao, anaingia akighani kwa utulivu, anasimulia kwamba baba yake alikuwa akisema hip-hop inamkumbusha bebop, jazz ya kasi ya miaka ya 1940. Ngoma zinakuja baadaye. Besi yenyewe ni kipande kilichochukuliwa kwenye santuri ya mpiga ngoma wa jazz, Art Blakey. Siku ile nilikuwa na kaptula za shule za kumaliza. Niliurudia wimbo huo mara tatu.

Uzuri wake kwa mtu anayefanya kazi ni kwamba biti inazunguka palepale bila kukuchosha, na mwenye kughani anaongea kama mtu aliyekaa pembeni yako. Ukitaka kumfuata, unamfuata. Ukihesabu vipimo na kumwacha, hakasiriki.

Lakini msisikilizie kwenye spika ya simu. Wiki ya kwanza nilifanya hivyo, na nusu ya muziki sikuisikia kabisa. Noti ya chini ya besi kubwa ya jazz iko kwenye hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakifiki huko. Unabaki na michirizi ya ngoma na sauti. Nilipounganisha spika ya mbao niliyokuwa nayo nyumbani, meza ya kukatia ikaanza kutetemeka kidogo, nami nikaona kwa nini mpwa wangu alikuwa akisisitiza.

Baada ya hapo nilihamia Jazzmatazz, albamu ya mghani wa Marekani aitwaye Guru, juzuu ya kwanza, ya 1993. Humo vipande vya santuri vinakutana na wanamuziki wa jazz wenyewe waliokuja kupiga: Donald Byrd kwenye tarumbeta, Roy Ayers kwenye vibrafoni, marimba ya chuma, na Branford Marsalis kwenye saksafoni. Mzee mmoja mteja wangu alikuja kuchukua koti, akasimama mlangoni. "Fundi, hii ni nini?" Nikamwambia, shikamoo mzee, ni jazz na hip-hop. Akatikisa kichwa. Kwake jazz ni bendi zetu za zamani, Morogoro Jazz na Western Jazz, magitaa na watu kucheza dansi. Nikamwekea tena wimbo wenye tarumbeta ya Byrd. Akavuta kigoda.

Kilichonigusa zaidi kilikuja nilipoanza kufuata vipande vinatoka wapi. Wimbo wa kundi la Us3 la London, uliovuma mwaka 1993, umejengwa juu ya kinanda cha Herbie Hancock cha mwaka 1964. Nikamtafuta Hancock, nikakuta albamu yake ya 1971 inaitwa Mwandishi. Kiswahili chetu! Yeye na wenzake kwenye bendi walitumia majina ya Kiswahili: Hancock ni Mwandishi, mpiga ngoma Billy Hart ni Jabali, na Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye pia alikuwa daktari wa tiba, ni Mganga. Niliacha kushona nikamsomea mke wangu majina hayo yote.

Kasoro zipo. Nyimbo kadhaa za aina hii zina matusi, na dukani wanaingia akina mama na watoto, hivyo sikiliza kwanza mwenyewe. Programu ya muziki niliyoanza nayo kwenye simu ilikuwa ikichanganya nyimbo ovyo na kula bando. Sasa ninapakua albamu nzima usiku na kuisikiliza kwa mpangilio wake. Nimejaribu pia zile orodha ndefu za biti zisizo na maneno, za kusikiliza wakati wa kusoma. Ni laini, ila baada ya saa moja sikumbuki nilichosikia.

Kama hutaki maneno, nenda kwa Nujabes. Alikuwa Mjapani, alikuwa na duka la santuri Tokyo, akafariki kwa ajali ya gari mwaka 2010. Modal Soul, ya 2005, ninaiweka jioni wakati wa kutia vifungo, kazi ya mkono isiyo na kelele ya mashine. Kinanda chake kinasikika hadi mwisho wa noti.

Yule mzee koti lake lilikwisha siku nyingi. Bado anapita, anaketi kwenye kigoda kilekile, ananiambia, "Weka ule wa tarumbeta."